Hodi bila hoja: vijana wenzangu, acheni kuombaomba koneksheni

Leo nitawaudhi baadhi ya watu, na wengine ni marafiki zangu kabisa. Sina jinsi. Nimechoka kusikia wimbo mmoja kila ninapokutana na wahitimu wenzangu, iwe Dar es Salaam au huku milimani Lushoto ninakoandikia makala hii: "Bongo bila koneksheni hutoki." Mtu kamaliza chuo mwaka wa tatu huu, yupo nyumbani, ana bando, ana akaunti ya LinkedIn yenye picha ya suti ya kuazima, na kila siku anawatumia ujumbe wakubwa asiowajua. Hajibiwi. Kisha anahitimisha kwamba kila aliyepata kazi nchi hii ana mjomba serikalini.

Mimi nasema hivi: wajomba wapo, na vimemo vipo. Sibishi. Lakini jamani, hizo jumbe zenyewe mnazotuma mmewahi kuzisoma kwa macho ya anayezipokea?

Mimi nazisoma. Nafanya kazi gazetini, na kuna watu wanaodhani mwandishi wa habari anawajua wakubwa wote, kwa hiyo jumbe zinanifikia za kutosha. Nimezigawa katika makundi manne. Jione mwenyewe upo kundi gani.

Kundi la kwanza: "Habari." Basi, imeisha hiyo. Siku mbili baadaye inakuja nyingine: "Habari?" Sasa imeongezewa alama ya kuuliza, kana kwamba mimi ndiye ninayedaiwa.

Kundi la pili: "Mambo vipi braza, naomba koneksheni." Koneksheni ya nini? Ya umeme?

Kundi la tatu: "Shikamoo mheshimiwa. Mimi ni kijana mchapakazi, mwadilifu, ninayejituma, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Naomba kazi yoyote." Huyu angalau ana adabu. Lakini hayo maneno yake yote yangeweza kuandikwa na mtu yeyote kwenda kwa mtu yeyote. Ukiyabandika kwenye mlango wa hospitali, wa benki au wa karakana ya magari, yanabaki vilevile.

Kundi la nne ndilo jipya mjini, nalo ni la Kiingereza kilichopigwa pasi. Linaanza kwa kutumaini kwamba ujumbe umenikuta salama, linaendelea kusema kwamba limeguswa mno na "safari" yangu. Safari ipi? Mimi napanda daladala kama wewe. Hapo najua kwamba aliyeandika si mtu, ni akili mnemba, na aliyetuma hakusoma hata makala yangu moja.

Makundi haya manne yanaonekana tofauti, lakini ugonjwa ni mmoja. Yote yanamtwika mpokeaji mzigo. Ukiandika "naomba kazi yoyote", umempa mtu asiyekujua kazi ya kufikiri wewe unafaa wapi, nani anahitaji mtu kama wewe, na akuunganishe vipi. Umemgeuza mtafuta kazi wako wa bure. Halafu akikaa kimya unasema ana roho mbaya!

Na wala usiniambie kwamba haya ni mambo ya Wazungu, kwamba sisi Waafrika tunaanza na salamu. Salamu siipingi. Lakini desturi zetu wenyewe zinakuhukumu. Mtu akipiga hodi kwenye nyumba ya Kiswahili, akaulizwa "nani mwenzangu?", hajibu tena "hodi". Anasema jina lake, anasema ametoka wapi, anaeleza kilichomleta. Wazee wetu hawakuwa na muda wa kupoteza na mgeni anayesimama mlangoni kutwa nzima akirudia hodi.

Tena huku Usambara hakuna sababu ya kwenda mbali kutafuta mwalimu. Ipo habari ya Mbegha. Ameiandika Abdallah bin Hemedi katika kitabu cha Habari za Wakilindi, na wazee wa Kisambaa wanaisimulia mpaka leo. Mbegha alikuwa mwindaji, akatoka kwao Nguu akiwa amekosana na ndugu zake, akafika milima hii bila mjomba na bila kimemo. Kwa lugha ya leo alikuwa mtu asiye na koneksheni hata moja. Alifanya nini? Hakwenda kwa wenyeji kuwaambia kwamba ni mchapakazi na anajituma. Alikuja na nyama. Akawagawia, nao wakampa vyakula vya shambani walivyokuwa navyo. Sifa zake zikatangulia mbele yake kutoka kijiji hadi kijiji, watu wakamfuata awaamulie ugomvi wao, na alipomuua simba njiani kuelekea Vuga wakamfanya mtawala wao. Ukoo wake wa Wakilindi ukatawala Usambara kwa vizazi.

Unaweza kuniambia kwamba hayo ni masimulizi yaliyotiwa chumvi. Sawa, wanahistoria nao wameyachambua sana. Lakini watu hawatunzi simulizi kwa zaidi ya miaka 200 kama halina kitu wanachokiamini. Na Wasambaa waliamini kwamba mgeni anapokelewa kwa anachokileta, na anacholeta kinapaswa kuwa kitu ambacho mwenyeji anakihitaji. Wenyeji walikuwa na chakula cha shambani, walikosa nyama. Mbegha alikuwa na nyama, akakosa chakula cha shambani. Hiyo ndiyo koneksheni. Wewe unayeandika "naomba kazi yoyote", nyama yako iko wapi?

Simama stendi ya Lushoto utaona tofauti hiyo kwa macho. Mgeni anashuka kwenye gari kutoka Mombo, mkoba mgongoni. Kijana mmoja anamvaa kwa maneno yaleyale anayomwambia kila mgeni: karibu rafiki, hakuna matata, twende tukatembee. Mgeni anaangalia pembeni. Kijana mwingine ameona kwamba shingoni kwa mgeni kuna darubini. Anamsogelea taratibu, anamuuliza kama amekuja kutazama ndege, kisha anamtajia bundi wa Usambara, anamwambia na saa ya kuingia msitu wa Magamba. Nani atamchukua huyo mgeni? Na yule kijana wa pili hana digrii wala LinkedIn. Ana macho tu.

Sasa nije kwenye hoja ya vimemo, maana najua ndiyo mnayoishikilia. Hoja yenu inasema: ajira zinatoka kwa ndugu na watu wa karibu, kwa hiyo kumwandikia mtu usiyemjua ni kupoteza bando. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti wake uliokuja kuwa maarufu sana. Aliwauliza watu waliobadilisha kazi karibu na Boston jinsi walivyopata habari za kazi hizo. Waliopata kupitia watu wanaoonana nao mara chache walikuwa wengi kuliko waliopata kupitia marafiki wa karibu. Mwaka 2022 watafiti wengine wakachapisha katika jarida la Science matokeo ya majaribio yaliyofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe, yakihusisha watumiaji takriban milioni 20. Matokeo yakaenda njia hiyohiyo: kwa ujumla watu wa karibu mno hawakuwa ndio waliosaidia zaidi kupata kazi, bali wale wa mbali kiasi.

Sababu yake ni rahisi, wala haihitaji profesa. Ndugu yako na rafiki yako wa kijiweni wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Nafasi usiyoisikia wewe, nao hawajaisikia. Mtu wa mbali anaishi kwenye habari nyingine. Hapa kwetu kimemo kina nguvu kuliko Boston, hilo nakubali. Lakini kama huna mjomba, basi mtu wa mbali ndiye mlango pekee uliobaki. Na wewe mlango huo pekee unaupiga teke kwa "Habari?"

Na historia ya Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vijana wa Kenya walikuwa wanaandika barua kwenda vyuo vya Marekani, vyuo ambavyo hawajawahi kuviona hata kwenye picha. Mmoja wao alikuwa karani wa Nairobi aliyetokea Nyanza. Akisaidiwa na wanawake wawili wa Kimarekani aliokutana nao kazini, aliandika barua nyingi, chuo baada ya chuo. Akakubaliwa Hawaii, akaenda mwaka 1959. Jina lake Barack Obama, na mwanaye unamjua. Wanawake wale hawakuwa wajomba zake, na vyuo vile havikumjua. Alikuwa na barua zilizosema yeye ni nani na anataka kusoma nini.

Upo na ushahidi wenye uchungu zaidi, nao umeota hukuhuku kwetu. Kuna ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli ya Tanga na Usambara. Mababu zetu walipita kando yake kwa karne. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma Ujerumani kwa baba yake, likafika kwa mtaalamu wa mimea Hermann Wendland. Mwaka uliofuata likatangazwa kwa jina la Saintpaulia. Leo linauzwa madirishani kote Ulaya na Marekani, na jina hilo la Saintpaulia ni la mtu aliyekaa hapa kwa muda tu. Ukoloni ulimpa nguvu ambayo babu yangu hakuwa nayo, hilo halina mjadala. Lakini angalia pia alichotuma. Alituma kitu chenyewe, kwa mtu aliyejua thamani yake. Anayeandika ndiye anayeandikwa. Mpaka lini tutakaa juu ya vitu vyetu tukisubiri mgeni aje atuandikie?

Basi, nisilaumu tu. Nieleze ninachokijua, kwa sababu mkate wangu unatokana na kuwapigia na kuwaandikia watu wasionijua na wasiotaka kuongea nami. Mwandishi wa habari asiyeweza kujibiwa na mgeni hana habari, na asiye na habari hana mshahara.

Tuchukue mfano wa kubuni. Dada mmoja amesoma kilimo cha bustani SUA, anaishi Soni. Anataka kazi kwenye kampuni inayosambaza mboga Dar es Salaam. Mkuu wa manunuzi wa kampuni hiyo ni mama mtu mzima, na wiki iliyopita ameandika LinkedIn akilalamika kwamba karoti zinamfikia zimevunjika. Dada yetu anaandika hivi:

"Shikamoo mama. Nimesoma kilimo cha bustani SUA na naishi Soni. Nimesoma ulivyoandika kuhusu karoti kuvunjika. Nimekaa siku tatu zinapopakiwa huku Lushoto, na chanzo kimoja nilichokiona ni lumbesa: magunia yanajazwa kupita kiasi kisha yanabebeshwa juu ya mengine. Nimeandika ukurasa mmoja wenye picha. Naweza kukutumia?"

Hesabu maneno, hayafiki 60. Hajaomba kazi. Hajasema kwamba anajituma, lakini siku tatu za kukaa kwenye magunia zimesema. Ameonyesha kwamba alisoma alichoandika mama yule, kwa hiyo ujumbe huu hauwezi kutumwa kwa mtu mwingine yeyote. Na swali lake linajibika kwa neno moja: ndiyo. Mama akisema ndiyo, mazungumzo yameanza, na mtu anayezungumza nawe kuhusu karoti zake atakukumbuka nafasi ikitokea.

Hicho ndicho kipimo changu. Ujumbe wako ukiweza kutumwa kwa watu 50 bila kubadilisha neno, huo si ujumbe, ni kipeperushi. LinkedIn yenyewe, kwenye ombi la kuunganishwa, imekuwekea kikomo cha herufi chache tu. Hupati nafasi ya kusimulia maisha yako tangu chekechea. Shukuru, maana hakuna aliyetaka kuyasoma.

Lugha gani? Lugha anayoandikia yeye. Kama anabandika mambo yake kwa Kiswahili, mwandikie Kiswahili, na umpe heshima yake ya umri. Shikamoo haijawahi kumfukuzisha mtu kazi. Kama anaandika Kiingereza, andika Kiingereza chako mwenyewe, hata kama ni cha kuchechemea. Kiingereza chako kinachochechemea kina mtu ndani yake, kile cha mashine hakina.

Asipojibu je? Desturi inasema hodi ni tatu. Piga, subiri wiki moja au mbili, piga tena ukiwa na jambo jipya la kusema, halafu ya tatu, kisha ondoka kwa heshima. Krapf, yule mmisionari wa Kijerumani, alifika kwa Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Usambara, mwaka 1848 kuomba nafasi ya kuleta walimu. Akarudi tena mwaka 1852 kwa ombi lilelile. Alikuwa tayari kungoja miaka minne, wewe unakasirika baada ya saa nne na kuandika "seen" kwenye stetasi.

Hapo nimemaliza na nyinyi wa umri wangu. Sasa zamu ya wakubwa, msidhani nimewasahau.

Nyinyi mnaoalikwa kwenye makongamano kuwaambia vijana wajiajiri na wajenge mtandao: mnajibu nani? Niliwahi kuiandikia ofisi moja, sitaitaja, nikiwa na swali lenye mistari mitatu kuhusu jambo lililo kwenye ripoti yao wenyewe. Kimya. Nikarudia, kimya. Miezi baadaye bosi wa ofisi hiyo yupo jukwaani analalamika kwamba vijana wa siku hizi hawaulizi. Jibu la "hapana, sina nafasi, jaribu kwa fulani" linachukua sekunde 20. Kwa kijana aliye Mlalo au Mtae, ambaye nauli ya kwenda Dar kuzungusha bahasha ni fedha ya familia nzima, sekunde 20 zako zinaweza kumwokolea wiki.

Na kuna wengine miongoni mwenu afadhali msijibu kabisa. Msichana anakuandikia kuhusu kazi, unamjibu umtumie picha. Anakutumia wasifu wake, unamwambia mkutane hotelini saa mbili usiku "muongee vizuri". Hilo lina jina, ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitambua kuwa kosa. Ndiyo maana sikubali tunapowahubiria dada zetu kwamba wajitume zaidi kuandika, tukinyamazia wanachokutana nacho wakijibiwa. Dada yangu, andika bila kujificha, lakini hifadhi kila ujumbe, kikao kiwe ofisini mchana, na anayekulazimisha uhamie kwenye simu yake binafsi usiku amekwisha kukwambia yeye ni nani. TAKUKURU wapo, wapelekee ushahidi.

Wa mwisho ni wale wanaouza "jumbe 100 za kupata kazi" kwa elfu kumi kwenye makundi ya WhatsApp. Nyinyi mnawauzia watu njaa ile waliyokuja nayo. Ujumbe ulionunuliwa na watu 500 ni ujumbe ambao wakubwa wamekwisha kuuona mara 500. Mnajua hivyo, na bado mnapokea hela.

Najua kuna atakayesema kwamba hata ujumbe mzuri hautengenezi ajira ambazo hazipo. Kweli kabisa. Wahitimu ni wengi, nafasi ni chache, na hilo ni jukumu la serikali, ambayo hatuwezi kuacha kuibana. Lakini kuibana serikali hakumzuii mtu kuandika mistari mitano yenye akili. Fanya yote mawili.

Kwa hiyo wiki hii usitume jumbe 50. Chagua mtu mmoja. Soma alichoandika au alichofanya, kwa saa nzima kama ni lazima. Tafuta kitu kimoja unachokiona ulipo ambacho yeye hawezi kukiona alipo. Kama upo Bumbuli una mashamba ya chai mbele yako, kama upo Lushoto mjini una soko la matunda, kama upo Kariakoo una mtaa mzima. Kiandike kwa mistari mitano, mwisho weka swali moja. Asipojibu, piga hodi ya pili. Na akijibu, usianze na "Habari?"